Pumzi ya Kuazima

Maombi ambayo mjukuu humletea babu yake yanajulikana. Ataomba nauli, ataomba karo, na siku ikifika ataomba asaidiwe mahari. Mimi, mwezi Novemba mwaka 2023, niliombwa regulata.

Mjukuu wangu wa pili anafanya kazi ya kuongoza wageni chini ya maji katika Ghuba ya Chole, hapa Mafia. Alikuja Kilindoni siku ya Ijumaa baada ya sala, akanikuta barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Leo umeleta samaki au umeleta shida?"

Alicheka, akatoa simu yake, akanionyesha picha tatu za kifaa kile kile chenye sura tofauti. Ni kifaa cha chuma na mpira kinachofungwa kwenye mtungi wa hewa ambao mzamiaji huubeba mgongoni. Ncha yake ya pili hushikwa kwa meno, na mtu huvuta pumzi humo kama aliyekaa chumbani. Kwa miaka minne alikuwa akitumia vya kazini, ambavyo kila mtu huvitia mdomoni na hakuna anayevitunza kama vyake. Alitaka chake. Alikuwa na nusu ya fedha, na nusu iliyobaki alikuja kuitafuta katika kiinua mgongo cha mwalimu mkuu mstaafu, ambacho yeye hudhani bado kipo.

Nilimwambia aniachie picha nifikirie. Sikumwambia kwamba kifaa kile nilikwisha kukishika mkononi zamani, wala kwamba sikupenda kukishika tena.

Nimefundisha fizikia miaka mingi, mingine katika chuo cha ualimu, ambako nilizoea swali moja lililorudi kila mwaka. Mwanachuo hodari angeuliza: kwa nini mzamiaji asitumie mpira mrefu tu, kama mrija wa soda, ncha moja mdomoni na nyingine juu ya maji? Jibu lake ni zuri kwa sababu mwili wenyewe hulitoa. Jaribu kwa mpira wa mita moja tu, kifua kikiwa chini ya maji, na utaona mbavu zinakataa kufunguka. Maji ni mazito. Kila mita 10 za kina huongeza kanieneo sawa na ya angahewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mita 10, angahewa mbili. Mita 20, angahewa tatu. Mtu hawezi kuvuta pumzi huko chini isipokuwa hewa inayoingia mapafuni iwe na kanieneo ileile ya maji yanayomkandamiza kwa nje. Na hewa iliyomo mtungini ina kanieneo ya angahewa 200 hivi, ambayo ingempasua. Kazi ya regulata ni kusimama kati ya nguvu hizo mbili na kumpa mtu kiasi anachohitaji, kwa kina alichopo, pale tu anapovuta.

Kabla ya hapo watu walizama kwa pumzi waliyotoka nayo juu. Pwani yetu inalo fungu lake katika habari hiyo, nalo si la kujivunia. Biashara ya lulu ya Ghuba ya Uajemi ilipostawi katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, miongoni mwa wazamiaji wake walikuwamo watumwa na watoto wa watumwa waliotolewa Afrika Mashariki. Walibanwa pua kwa kibano, wakashuka na jiwe la uzito mguuni, wakakusanya chaza, wakavutwa kwa kamba; kisha wakashuka tena, siku nzima, miezi yote ya joto. Nikiona wageni wakilipa fedha nyingi ili washuke mita 15 kutazama samaki, huwakumbuka wale ambao hawakuulizwa.

Kifaa chenyewe kilianzia shimoni, wala si baharini. Mhandisi wa migodi wa Kifaransa, Benoît Rouquayrol, alitengeneza mwaka 1860 chombo cha kuwasaidia watu kupumua katika migodi yenye hewa mbaya. Ndani yake mlikuwa na kiwambo, kama cha ngoma, kilichosukuma vali ikafunguka mtu alipovuta pumzi na kufunga alipoacha. Mwaka 1864 alishirikiana na ofisa wa jeshi la majini, Auguste Denayrouze, wakakigeuza kiwe cha wazamiaji. Jules Verne alikipenda kiasi cha kukitia katika riwaya yake ya manowari ya Nahodha Nemo, iliyokamilika mwaka 1870. Lakini Verne aliandika ndoto. Mitungi ya wakati ule haikuweza kubeba kanieneo kubwa, kwa hiyo mzamiaji wa kweli alibaki amefungwa kwa mpira kwenye pampu iliyokuwa juu ya chombo. Wazo sahihi lilikuwa limetangulia chuma chake kwa miaka mingi.

Naona ajabu kwamba wazo hilo lilisahauliwa karibu kabisa. Mwaka 1933 Mfaransa mwingine, Yves Le Prieur, alikuwa tayari na mtungi wa kanieneo kubwa, lakini mzamiaji wake alilazimika kufungua na kufunga hewa kwa mkono, na nyingi ilipotea bure. Yaani Rouquayrol alikuwa na vali bila mtungi, Le Prieur akawa na mtungi bila vali ile. Nimewaambia walimu wanafunzi mara nyingi kwamba maktaba ni sehemu ya maabara.

Vilikutanishwa na njaa ya petroli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, magari ya Paris yalikosa mafuta, na mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alitengeneza vali ndogo ya kuyalisha magari gesi. Mwezi Desemba mwaka 1942 alitembelewa na ofisa wa jeshi la majini, Jacques-Yves Cousteau, ambaye mkwewe alikuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni ile. Cousteau alieleza anachotaka: hewa ije yenyewe, kwa kipimo, bila kugusa kitu. Gagnan akamwonyesha vali ya gari.

Mwezi Januari mwaka 1943 walikwenda kukijaribu kifaa chao katika mto Marne, karibu na Paris, maji yakiwa ya baridi kali. Cousteau alipolala kifudifudi majini kilifanya kazi vizuri. Aliposimama wima, hewa ilimwagika ovyo. Alipoinamisha kichwa chini, hewa ilikataa kuja. Walirudi wakiwa wamevunjika moyo, lakini kabla hawajafika mbali walikwisha kuelewa. Mdomo wa kutolea pumzi ulikuwa mbali na kiwambo cha kuingizia. Mtu akiwa amelala, vyote viwili viko kina kimoja. Akisimama au akipinduka, kimoja kiko chini zaidi ya kingine, na tofauti hiyo ndogo ya kanieneo inatosha kuifungua vali au kuifunga. Dawa ilikuwa kuviweka mahali pamoja. Wakafanya hivyo, na majira ya joto ya mwaka ule ule Cousteau alizama katika bahari ya kusini mwa Ufaransa akaogelea apendavyo.

Nimelisimulia tukio hilo la Marne darasani pengine mara 30, na sikulichoka. Hakuna mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba kushindwa kwa jaribio ni nusu ya jibu.

Cousteau alipata sifa, Gagnan akahamia Kanada mwaka 1947 akaendelea na kazi zake kimya. Filamu ya Cousteau, Le Monde du silence, ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Sehemu yake ilipigwa katika Bahari hii ya Hindi, upande wa Shelisheli. Katika filamu hiyo hiyo wanalipua mwamba wa matumbawe kwa baruti ili wahesabu samaki waliokufa. Sisi ambao baruti imeturarulia miamba kutoka Tanga hadi Mtwara hatuwezi kulitazama tendo lile kwa uso mkunjufu, ingawa kwa haki niseme kwamba Cousteau huyo huyo alikuja kuwa mtetezi mkubwa wa bahari.

Regulata ya Gagnan ilikuwa na mipira miwili minene iliyozunguka masikio, na mapovu yalitokea kisogoni. Ile ya mpira mmoja, ambayo ndiyo inayotumika sasa duniani kote, iliuzwa kwanza Australia mwaka 1952 na fundi wa Melbourne, Ted Eldred. Yeye aliigawa kazi mara mbili. Hatua ya kwanza, iliyo kwenye mtungi, huishusha kanieneo kutoka angahewa 200 hadi kama 10 juu ya ile ya maji; hatua ya pili, iliyo mdomoni, humalizia. Kila picha katika simu ya mjukuu wangu ilikuwa mtoto wa kifaa cha Eldred.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Mwezi Desemba mwaka 1989 nilikuja nyumbani likizo kutoka chuoni. Nilimkuta mfanyabiashara mmoja, ambaye sitamtaja, amepiga kambi ufukweni na kompresa, mitungi kadhaa na regulata mbili kuukuu. Alikuwa akinunua majongoo ya bahari ya kupeleka Mashariki ya Mbali. Yale ya maji mafupi yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo aliwatafuta vijana wa kushuka kina kirefu. Mmoja wao alikuwa ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, mvuvi hodari aliyeweza kuzama kwa pumzi yake mwenyewe kupita wote.

Jioni moja waliniletea regulata. "Mwalimu, hiki kinafanyaje kazi?" Nani angekataa? Nilikifungua kifuniko, nikawaonyesha kiwambo na wenzo wake, nikawachorea mchangani habari ya Boyle na sheria yake ya mwaka 1662. Niliwaeleza kwamba lita sita za hewa katika mapafu zilizovutwa kwenye mita 10 zitataka kuwa lita 12 juu, kwa hiyo mtu asizuie pumzi kamwe anapopanda. Hilo nililisema, na nashukuru nililisema. Nikawasimulia mto Marne. Wakafurahi, nami nikafurahi zaidi yao.

Ambalo sikulisema ni sheria ya Henry. Gesi huyeyuka ndani ya kimiminika kwa kadiri ya kanieneo. Ikipungua ghafla, gesi hutoka kwa mapovu. Nilikuwa nikiifundisha kila mwaka kwa chupa ya soda. Mtu anayepumua hewa mita 30 chini ni chupa ya soda inayojazwa: naitrojini inaingia katika damu na nyama yake, na akipanda upesi, au akishuka na kupanda mara nyingi bila kupumzika, chupa inafunguliwa. Kwa nini sikulisema? Nimejiuliza miaka 30 na zaidi. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa naeleza kifaa, na kifaa kilikuwa kizuri. Naitrojini haimo ndani ya kifaa.

Siku ya tano alimaliza mitungi sita kati ya asubuhi na alasiri. Usiku mabega yakamuuma, akasuguliwa mafuta. Alfajiri miguu haikuwa yake. Walisema ni pepo wa bahari aliyeudhiwa, na mganga aliitwa. Nilipofika nilijua kwa mtazamo mmoja, na kujua kwangu hakukuwa na faida tena. Tiba yake ni kurudishwa haraka ndani ya chumba cha chuma chenye kanieneo kubwa, kisha kushushwa polepole; sisi hatukujua chumba hicho kiko wapi, na mashua ya Dar es Salaam ilikuwa inangoja upepo. Mfanyabiashara aliondoka juma lile lile.

Mskoti John Haldane alikwisha kuchapisha mwaka 1908 majedwali ya kumwonyesha mzamiaji asimame wapi na kwa muda gani anapopanda. Alifanya majaribio yake kwa mbuzi. Maarifa hayo yalikuwa na umri wa miaka 81 yalipomkosa ndugu yangu, na mtu pekee kisiwani aliyekuwa nayo alikuwa anachora mchangani.

Kwa hiyo mjukuu wangu aliporudi Jumapili sikuwa babu mwepesi wa kutoa fedha.

Picha ya kwanza ilikuwa regulata ya titani, bei ya ng'ombe watatu. Titani ni nyepesi na chumvi haiili. Nikamuuliza: uzito unamsumbua nani? Anayepanda ndege na kupimiwa mizigo. Wewe unatoka chumbani hadi mashuani. Tena wapo wazamiaji wanaotumia hewa iliyoongezwa oksijeni, na titani na oksijeni nyingi si marafiki. Tukaiweka kando.

Ya pili iliuzwa na mgeni aliyekuwa akirudi Ulaya, imetumika kidogo, bei ya kati. Hiyo ilikuwa ya maji baridi, na hapa mwalimu wa fizikia aliamka. Hewa ikipanuka ghafla hupoa. Toa upepo wa tairi la baiskeli uweke kidole. Katika ziwa la Ulaya lenye maji ya nyuzi 4, baridi hiyo huweza kugandisha barafu ndani ya hatua ya kwanza, vali ikanasa wazi na mtungi ukamwagika wote. Ndiyo maana regulata hizo huzibwa kwa kiwambo cha nje, maji yasiguse springi. Kanuni ya Ulaya, EN 250, huhesabu maji baridi kuwa yale yaliyo chini ya nyuzi 10. Hapa kwetu bahari hucheza kati ya nyuzi 25 na 30. Nikamwambia, hilo ni koti la manyoya sokoni Kilindoni.

Hapo kijana alinipinga, nami nikakubali kupingwa. "Babu, hilo koti halizuii baridi tu. Linazuia na mchanga na chumvi." Ni kweli. Adui wa regulata katika maji ya moto si barafu, ni chumvi inayokauka ndani ya springi, mchanga, na jua linalokausha mipira. Kwa mtu anayezama mara mbili au tatu kila siku, kizibo kina maana yake. Lakini tulipouliza, hakukuwa na fundi wa karibu mwenye vipuri vya kiwanda kile, na vipuri vingeagizwa nje. Regulata hutaka kufunguliwa na kubadilishwa pete zake za mpira kwa vipindi ambavyo kiwanda kimeviweka. Isiyo na fundi ni pambo la ukutani.

Ya tatu ilikuwa ya shaba iliyopakwa kromiamu, bila kizibo, bei ya ng'ombe mmoja na ndama. Aina hizo za kawaida ni mbili. Yenye pistoni ina vipande vichache vinavyocheza na hutoa hewa nyingi, lakini pistoni yake hukaa ndani ya maji ya chumvi. Yenye kiwambo ina vipande vingi zaidi, ila mashine yake ya ndani imetengwa na maji, yanayofika kwenye springi tu. Kwa mtumiaji wa kila siku nilipendelea kiwambo. Bano lake lingeingia kwenye mitungi ya kazini kwake, na fundi wake tulimjua. Mpira ule mwepesi wa kusukwa nilimkatalia, kwa kuwa katika nchi za joto baadhi ya mipira hiyo imewahi kuoza utando wake wa ndani bila dalili kwa nje. Tukaongeza hatua ya pili ya akiba, ya rangi ya manjano, ya kumpa mgeni aliyeishiwa hewa.

"Kwa hiyo nimekuokolea fedha, babu," alisema.

"Hujaniokolea kitu," nikamjibu. "Zilizobaki zinanunua kompyuta ya kuzamia, ya kuvaa mkononi. Yako mwenyewe."

Alisema kazini zipo. Nikamwambia hata regulata kazini zipo, mbona ulikuja? Alinitazama kidogo, kisha akaelewa, maana habari ya babu yake yule mwingine anaijua, ingawa hajapata kuisikia kinywani mwangu.

Vitu vilifika mwezi Januari mwaka 2024. Alikuja na mtungi kabisa, akataka kwanza apeleke kwa babu yake mkubwa. Tulimkuta chini ya mwembe katika kiti chake cha magurudumu, anafuma wavu kama afanyavyo siku zote. Kijana akafunga kifaa, akafungua mtungi, hewa ikapiga mluzi mfupi. Ndugu yangu akakipokea, akakitia mdomoni bila kuonyeshwa, akavuta pumzi tatu, nne.

"Laini," alisema. "Ile yetu ilikuwa ikivutana nami."

Kisha akaiona ile nyingine mkononi mwa kijana. "Na saa hii?"

Akaelezwa. Inahesabu kina na dakika, na wakati wa kupanda inamwambia mtu asimame wapi na angoje kiasi gani.

"Inajua yenyewe?"

"Inajua, babu."

Aliishika muda mrefu, akabonyeza kitufe, taa ikawaka, akaitazama mpaka ikazima. Hakunitazama mimi. Akairudisha, akaomba apewe sindano yake ya kufumia.